Bibi Asimina, Aliyeombea Serikali Ianguke

Marehemu Asimina Karathanou alizaliwa tarehe 3 Februari 1938 hapa hapa Mavrolithi, milima ya Evritania. Mama yake alipenda kusimulia kwamba siku hiyo theluji ilikuwa imeziba mlango, na mkunga ikabidi apitishwe dirishani kama mkate unaoingizwa tanurini. Asimina alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Thimios, mwenye nyumbu, aliyekuwa akipandisha chumvi na unga kutoka Karpenisi. Ndugu zake wote wanne wametangulia mbele ya haki. Yeye ndiye aliyebaki kuwawashia mishumaa, na hakuna Jumamosi ya wafu aliyoipitisha bila kuwataja mmoja mmoja.

Shule aliianza Septemba 1945 katika jengo lile la mawe mnaloliona juu ya kanisa. Hakufika mbali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto, mwaka 1947 kijiji kizima kiliteremshwa mjini Lamia, watu wakalazwa kwenye ghala la tumbaku, familia na familia zikitengwa kwa mablanketi. Waliporudi mwaka 1950 alikuwa na miaka kumi na miwili, na msichana wa umri huo alihesabiwa mtu mzima. Alijua kusoma, kuandika na kujumlisha. Alisema hayo matatu yamemtosha, na la nne angeliweka wapi.

Aliitwa Karathanou, kama mke anavyoitwa kwetu, alipofunga ndoa na Zisis Karathanos, fundi wa kujenga kwa mawe, Jumapili tarehe 27 Oktoba 1957. Zisis alikuwa mtu wa maneno machache na kichwa kigumu, na nusu ya kuta za kijiji hiki ni kazi ya mikono yake. Mungu aliwajalia watoto wawili, Olimbia mwaka 1959 na Lefteris tarehe 14 Septemba 1962. Mwaka 1966 Asimina aliajiriwa kufagia shule na kuwasha jiko lake wakati wa baridi. Kazi hiyo aliifanya hadi 1991, watoto walipokwisha na shule ikafungwa. Lakini ufunguo alibaki nao, kwa sababu Mavrolithi hupiga kura shuleni, na asingekuwepo yeye hakuna ambaye angekumbuka kufuta vumbi.

Kwa Bibi, Jumapili ya uchaguzi ilikuwa sikukuu. Wanajeshi walipotawala, ikapita miaka saba bila kura, na tarehe 17 Novemba 1974 kura iliporudi aliisugua sakafu ya shule kwa maji na siki kama anayemngoja bwana harusi. Mawakili walioletwa kila uchaguzi kusimamia kisanduku cha kura walilala kwake, maana hapa hatuna nyumba ya wageni. Wengi wao walikuwa vijana wa Athene, walifika wamegeuka rangi kwa kona za barabara, na jambo la kwanza walilopewa lilikuwa kipande cha pita, mkate mwembamba uliojazwa mboga za porini. Jioni, kura zikishahesabiwa, Bibi alizoa karatasi zilizotupwa nyuma ya pazia, zile za vyama ambavyo mpiga kura hakuvitaka, akaziweka kwenye kikapu cha kuwashia moto. Karatasi za chama cha buluu na za chama cha kijani ziliungua pamoja jikoni kwake majira yote ya baridi. Zisis alikuwa akisema, "Angalau humo wanaelewana."

Maana nje ya jiko hawakuelewana. Wenye umri mkubwa mnakumbuka, na vijana mmesimuliwa. Kulikuwa na mkahawa wa buluu upande huu wa uwanja na mkahawa wa kijani upande ule, na mtu wa buluu hakunywa kahawa ya kijani hata kama koo limekauka. Zisis alikuwa wa buluu tangu kwa babu yake. Lefteris, kwa ujana na kwa ubishi, akawa wa kijani. Tarehe 2 Juni 1985 kijani walishinda, na Lefteris na wenzake wakapanda gari la kubebea mbao, wakafunga bendera, wakazunguka uwanja wakipiga honi. Mara ya kwanza Zisis aliinamia kahawa yake. Mara ya pili aliwasha sigara. Mara ya tatu Lefteris alisimamisha gari mbele ya meza yake kabisa, akasema, "Hamjambo wazee? Mbona kimya, kuna msiba?"

Zisis alirudi nyumbani kwa miguu. Alimngoja mwanawe mlangoni.

"Kuanzia leo, humu usikanyage."

"Kwa honi tu, baba?"

"Mbele za watu umeniuliza kama kuna msiba. Sasa upo."

Asimina aliingia katikati yao, mikono ina unga. "Zisis, ni mtoto."

"Mtoto hapigi kura. Huyu kapiga." Kisha akasema neno ambalo nyumba hii iliishi nalo miaka mingi. "Siku ya kura aje. Kura sikumpa mimi, siwezi kumnyang'anya. Aje, ale, alale, apige, aondoke. Siku nyingine yoyote, mlango huu haumjui."

Mwezi wa Oktoba Lefteris alikwenda Stuttgart, akapata kazi kiwandani. Enzi hizo aliyekuwa nje ya nchi hakuweza kupiga kura hukohuko. Ilibidi aje pale jina lake lilipoandikwa, na la Lefteris liliandikwa Mavrolithi. Kwa hiyo mama yake akawa na njia moja tu ya kumwona mwanawe, na njia hiyo ilipita bungeni.

Watu wengi huomba serikali yao idumu. Asimina aliomba ianguke. Hakuchagua rangi. Buluu wakitawala aliomba waanguke, kijani wakitawala vilevile. Mwaka 1989 hakuna chama kilichopata viti vya kutosha, na kuanzia Juni hadi Aprili ya 1990 nchi ilipiga kura mara tatu. Wanasiasa walitaabika, drakma ilishuka thamani, na katika nyumba moja ya Mavrolithi kulikuwa na mwanamke anayeimba akikanda unga. Padri Fotis, aliye nasi hapa leo, alikuwa mpya kijijini. Alimkuta mwezi wa Februari 1990 amesimama mbele ya picha ya Mtakatifu Paraskevi na mshumaa mnene kuliko kawaida yake.

"Nani mgonjwa, mama Asimina?"

"Hakuna mgonjwa, Baba. Ni serikali."

"Unaiombea serikali! Laiti wote wangekuwa kama wewe."

"Naombea wagombane, Baba. Kuna vyama vitatu ndani ya serikali moja. Unadhani watafika Pasaka?"

Padri anasema alitaka kumkemea. Alipotoka nje alijikuta naye anahesabu majuma.

Hawakufika Pasaka. Uchaguzi ukapangwa tarehe 8 Aprili 1990, Jumapili ya Matawi. Lefteris akaja kwa treni, kisha basi, kisha kwa miguu kutoka darajani. Mezani waliketi wanne, yaani baba, mama, mwana na wakili wa kisanduku, kijana mpole kutoka Athene ambaye hakujua ameketishwa wapi.

"Asimina," alisema Zisis, "mwambie mpiga kura anipitishie chumvi."

"Mama, mwambie mwenye nyumba chumvi iko mbele ya pua yake."

Wakili akaisogeza chumvi yeye mwenyewe. "Samahani, ninyi si ndugu?"

"Hatujafahamiana vizuri," alisema Zisis.

Bibi alicheka hadi machozi yakamtoka, na baada ya hapo alipata shida kuyazuia. Pasaka ilikuwa imebaki juma moja tu. Mayai alikuwa amekwisha kuyanunua, na rangi nyekundu ya kuyapaka. Jumatatu asubuhi akamfuata mumewe uani. "Zisis, muache akae mpaka Pasaka. Wiki moja. Nani atajua?"

Zisis alikuwa anachonga jiwe, hakuinua uso. "Mwambie mpiga kura, kura imekwisha."

Lefteris alisikia, dirisha lilikuwa wazi. Alifunga begi lake. Mama yake alimsindikiza hadi darajani na mayai sita mfukoni mwa aproni, yakiwa bado meupe, akampa ayapake rangi huko huko Ujerumani.

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda. Serikali zilizomaliza muda wao zilimzeesha, na zilizoanguka kabla ya wakati zilimrudishia damu mashavuni. Kila alipokuja, Lefteris aliongezeka mvi, na siku moja alikuja na mke, Gerda, na safari nyingine na mtoto, Katharina. Zisis aliwaita wote wapiga kura, hata yule mtoto wa miezi minane. Alimbeba begani uwanjani kote akisema, "Huyu naye kaja kupiga kura, mpisheni." Alimbeba mpaka jua likazama. Lakini neno lake hakulirudisha, na mwanawe hakuliomba lirudishwe. Walifanana mno.

Zisis alifariki tarehe 19 Novemba 2010. Lefteris alikuja kumzika, akabeba jeneza upande wa kichwa. Siku ya tatu akaondoka. Mama yake hakumzuia, akidhani sasa mlango uko wazi atakuja mwenyewe, kiangazi, Krismasi, siku yoyote. Hakuja. Hakuwa na chuki wala hasira, simu alipiga kila Jumapili na fedha za kuni alituma. Ila mtu aliyezoea kurudi akiwa na sababu, hajui kurudi bila sababu. Aliendelea kuja siku za kura tu, kama aliyeagizwa, na Bibi akaendelea na mishumaa yake. Mwaka 2012 alikuja mara mbili. Mwaka 2015, nchi ilipokuwa hoi na benki zimefungwa, alikuja mara tatu, na huku watu wakilia foleni kwenye mashine za fedha, Bibi Asimina alikuwa anatafuta mahali pa kuficha furaha yake.

Kisha ikaja sheria mpya. Mwezi wa Mei 2023, kwa mara ya kwanza, waliokuwa nje walipiga kura huko huko walipo. Bibi hakuwa na habari. Jumamosi, kuamkia uchaguzi, alikuwa ametandika kitanda, pita iko ovenini. Simu ikalia. Drita, mke wa mjukuu wake Stathis, alikuwa jikoni na mtoto mgongoni, akamshikia simu sikioni kwa kuwa mikono ya Bibi ilikuwa na mafuta.

"Uko wapi, mwanangu, Lamia?"

"Niko nyumbani, mama. Nimeshapiga kura."

"Umepigaje, kabla ya sisi?"

"Kisanduku kimeletwa huku Stuttgart. Sheria mpya. Dakika tano tu, mama, mwendo mfupi kutoka nyumbani."

"Ah. Vizuri. Huchoki."

"Sichoki."

"Haya. Kula vizuri."

Simu ilipokatwa, Bibi aliitoa pita ovenini, akaiangalia. Kisha akamwambia Drita, "Wamempelekea kisanduku mpaka mlangoni. Watu wazuri. Wao watajuaje kwamba kilikuwa kinamleta kwangu?"

Uchaguzi ule haukuzaa serikali. Rais alimwita kiongozi wa chama cha kwanza aunde serikali, akamwita wa pili, akamwita wa tatu, kila mmoja akarudisha jukumu alilopewa, na kura ikapangwa upya tarehe 25 Juni. Bibi akatumaini tena, akasema labda safari hii kisanduku cha Stuttgart kitaharibika. Siku hiyo aliketi juu ya ukuta wa shule, ule aliojenga Zisis, akitazama barabara inayopanda kutoka darajani. Wakili alitoka mara kadhaa kumwambia, "Bibi, ingia upige, tunakaribia kufunga." Akajibu, "Ngoja kidogo, kuna mmoja bado." Alipiga kura wa mwisho, milango ikiwa inavutwa. Tangu hapo hakuwasha tena mshumaa kwa ajili ya bunge, au kama aliwasha, hatukumwona.

Majira ya baridi yaliyopita moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, ngazi ya kanisa ikamshinda. Mwezi wa Januari 2025 alilazwa Lamia siku kadhaa. Madaktari walisema kweli bila kumficha, naye akawashukuru, akaomba arudishwe kijijini. Alilala chumba cha chini karibu na jiko, redio kando yake. Kitukuu wake wa kwanza, Asimina mdogo, alilala mchana miguuni pake, na mara nyingi haikujulikana ni nani anayemlinda mwenzake.

Mwanzoni mwa Machi bunge lilianza kujadili kura ya kutokuwa na imani na serikali. Bibi aliposikia, alitaka mito iongezwe apate kukaa. Alisikiliza siku ya kwanza, akasikiliza ya pili, chakula kikipoa. Drita alipotaka kuizima redio apumzike, alisema, "Acha mwanangu, hawa nao wana kazi yao na mimi nina yangu."

Olimbia alikuwa amepanda kutoka Athene kumuuguza. Aliyaona hayo, akatoka uani na simu, na kwa kuwa ni mtu wa sauti kubwa, nyumba nzima ilisikia.

"Lefteris, mama anasikiliza bunge tangu asubuhi. Anahesabu wabunge kwa vidole."

Hakusikika alichojibu, ila alionekana ameuliza mama anataka nani ashinde.

"Hataki yeyote ashinde! Anataka waanguke."

Likaja swali jingine.

"Eti waanguke ili iweje? We kaka, ulizaliwa mjinga au ni Ujerumani? Wakianguka kuna uchaguzi. Kukiwa na uchaguzi unakuja. Miaka arobaini mwanamke huyu anaangusha serikali kwa mishumaa, wewe unadhani anapenda siasa?"

Olimbia akaibana simu sikioni, akidhani imekatika. Haikukatika. Mdogo wake alikuwa analia.

Kura ilipigwa Ijumaa tarehe 7, na serikali ikapona. Bibi hakujua, usingizi ulimchukua kabla. Jumamosi asubuhi alipofumbua macho, mwanawe alikuwa amesimama mlangoni na koti la safari, theluji mabegani. Bibi alimtazama, akaitazama redio, uso wote ukafunguka.

"Imeanguka!"

Lefteris alipiga magoti. Angeweza kumdanganya, lakini katika nyumba hii watu hawakudanganyana kuhusu kura hata siku moja. "Haijaanguka, mama. Wamepona. Nimekuja kukuona wewe."

Bibi alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda, kama mtu anayesoma kitu kigumu na hataki kusaidiwa.

"Basi umekuja mapema," alisema. "Vua viatu. Kaa usubiri."

Akakaa. Alipasua kuni, akajifunza kumgeuza mama yake bila kumuumiza, akamlisha supu kwa kijiko kidogo, wakabishana juu ya chumvi. Pasaka ya tarehe 20 Aprili ilikuwa ya kwanza kwake katika nyumba hii tangu 1985. Walipaka mayai wao wawili, yeye akichovya, mama akimwambia bado, bado, sasa toa. Walipogonganisha mayai yao, kama desturi ya Pasaka ambapo yai lisilopasuka ndilo mshindi, la Bibi ndilo lililobaki zima, na alijivuna mpaka pumzi ikamwishia.

Alifariki Jumatano tarehe 23 Aprili 2025, sikukuu ya Mtakatifu George, majira ya adhuhuri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe, akiwa na umri wa miaka themanini na saba. Wazee wetu husema anayekufa katika juma la Pasaka huikuta milango ya mbinguni wazi, hakuna anayemuuliza kaja kwa ajili gani.

Jana, kaburi lilipokuwa likichimbwa kando ya la Zisis, Padri Fotis alimuuliza Lefteris, "Unaondoka lini, mwanangu, nijue kama niiwahishe sala ya arobaini?"

Lefteris alikuwa ameegemea sepetu. "Mama alisema nisubiri, Baba," alijibu. "Na serikali bado imesimama."

Marehemu ameacha binti yake Olimbia, mwanawe Lefteris na mkewe Gerda aliyefika jana kutoka Stuttgart, wajukuu Stathis na Katharina, mke wa mjukuu Drita, na vitukuu Asimina na Marko, pamoja na majirani wa Mavrolithi, ambao aliwahesabu wote kuwa jamaa, wa buluu na wa kijani.

Udongo wa kijiji chake uwe mwepesi juu yake, na Mungu ampumzishe karibu na wale aliowangoja.